Kuchapa kalibu ya kauri na kusubu aluminiamu ndani yake

Printa hutandaza unga wa alumina (oksaidi ya aluminiamu) kwa unene wa milimita 0.1, kisha hudondoshea gundi ya silika laini iliyo katika maji pale tu panapotakiwa kuwa ukuta. Kalibu ya kimo cha milimita 150 huwa na matabaka 1,500. Emanuel Sachs na wenzake wa MIT, Marekani, walibuni njia hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakuna kielelezo cha mbao wala cha nta: kinachochapwa ni kalibu yenyewe.

Anza na mchoro. Kifaa kikuze kwa asilimia 1.3, maana A356, aloi ya aluminiamu ya kusubu, husinyaa kiasi hicho inapopoa. Milimita 100 ziwe 101.3. Kauri nayo hubadilika kidogo tanurini, kwa hiyo chapa kwanza kijiti cha milimita 100, kichome, kipime, ndipo uongeze tofauti. Ukuta wa milimita 6 hadi 8 unatosha. Ukiwa mnene zaidi huchelewa kukauka na gesi hupata shida kutoka.

Njia ya kupitisha metali ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Aluminiamu ikiingia kwa kasi inayozidi mita 0.5 kwa sekunde, uso wake hujikunja na kuzamisha utando wa oksaidi. Utando huo haushikani tena. Ni ufa uliojificha ndani ya kifaa. Na kuanguka milimita 13 tu kunatosha kufikia kasi hiyo! Kwa hiyo metali ishuke kwenye bomba, ipite mfereji, iingie kalibu kutoka chini na kupanda taratibu. Bomba nalo lisiwe na upana mmoja, kwa sababu mkondo unaoanguka huwa mwembamba, hujitenga na ukuta na kuvuta hewa. Chukua bakuli la kumiminia, juu ya bomba, lenye kina cha milimita 25, na mwisho wa bomba ulio milimita 100 chini ya uso wa metali: eneo la chini liwe nusu ya eneo la juu. Pale chini kasi ni kama mita 1.4 kwa sekunde, basi milango yote ya kuingilia kalibu kwa pamoja iwe na eneo karibu mara tatu ya mwisho wa bomba. Upana peke yake hautulizi metali, kwa hiyo acha nafasi ya chujio la kauri kwenye mfereji.

Kila uwazi uwe na tundu la milimita 5 au zaidi la kutolea unga. Kona isiyo na njia ya kutokea itabaki na unga. Piga hewa kidogo kidogo, geuza kalibu, igongegonge kwa kidole juu ya karatasi nyeusi. Unga ukiendelea kudondoka, hujamaliza. Kisha ziba matundu ya ziada kwa udongo wa tanuri.

Kausha kwa nyuzi 110 za Selsiasi usiku kucha. Pandisha joto nyuzi 60 hadi 100 kwa saa mpaka 1,000, kaa hapo saa mbili. Ikiwa gundi ina kitu cha kuungua, simama saa moja kwenye 500 na hewa iingie tanurini. Weusi ndani ya kalibu ni kaboni, na kaboni hutoa gesi. Pima uzito, choma tena, pima tena. Uzito ukipungua, bado.

Siku ya kumimina, pasha kalibu hadi nyuzi 300, izike kwenye mchanga mkavu kabisa. Usimimine juu ya sakafu tupu ya zege: maji yaliyomo hugeuka mvuke na zege hulipuka. Kwa ujazo wa sentimita za ujazo 300, pamoja na mifereji, unahitaji kilo 0.72, ongeza asilimia 20. Pitisha gesi ya agoni ndani ya metali kutoa haidrojeni, ondoa utando, mimina kwa nyuzi 720 bila kukatiza.

Kata kifaa cha kwanza na ukitazame kwa lenzi. Vishimo vya mviringo, vilaini, ni gesi. Vishimo vyenye kingo za kukwaruza, vyenye vijitawi, ni kusinyaa: bwawa la kulishia, yaani akiba ya metali inayojazia kifaa kinaposinyaa, liliganda kabla ya sehemu nene, likuze. Ukuta mwembamba wa metali uliochomoza nje unaonyesha kalibu ilipasuka, mara nyingi kwa kupashwa joto haraka.