Mhudumu akilewa zamuni: anza na ofa

Nina baa Mwanga, hapa Kigoma mjini. Leseni ni yangu, kwa hiyo mhudumu akilewa zamuni, wa kwanza kujibu ni mimi.

Mara nyingi chanzo ni ofa. Mteja anaagiza bia, anaongeza, "Na wewe dada chukua moja." Dada anaogopa kumuudhi, bosi anafurahi kreti linaisha. Kwangu dada wa jikoni alikunywa ofa tatu, kisha akaenda kukaanga migebuka. Karai la mawese likampindukia mkononi, kuanzia kiwiko hadi vidole. Kwenye bajaji ya kwenda hospitali alikuwa amenilalia mapajani, na bia zile nilikuwa nimeziuza mimi.

Ofa ipokelewe kwa shukrani, chupa isifunguliwe. Kaunta aandike jina na bei kwenye daftari, mhudumu apewe pesa yake wakati wa kufunga hesabu. Faida ya chupa hiyo utaikosa, kubali. Na wewe ukiwa kazini, usinywe.

Kabla ya zamu salimiana na kila mmoja ana kwa ana. Usitegemee harufu: mwingine kameza dawa ya mafua inayosinzisha, mwingine kakesha na mtoto mgonjwa. Huyo naye usimpe kisu wala karai.

Ukimkuta amelewa, mtoe kazini palepale, bila kumfokea mbele ya wateja. Kahawa haiondoi pombe. Bia moja ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 huchukua kama saa mbili au zaidi kuisha mwilini, kwa hiyo hata pikipiki yake ibaki. Mlipie bajaji, mpigie ndugu yake. Asipoamka au akipumua kwa shida, mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Usimfukuze usiku huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Mwite akishakuwa timamu, msikilize, aeleze alipewa na nani. Maelezo uwe umeyaandika usiku uleule: saa, shahidi, na ulichokiona. Usiandike "alilewa" ukaishia hapo. Andika kwamba aliangusha trei mara mbili, akashindwa kuhesabu chenji ya elfu kumi.