Namna ya Kuusoma Mzunguko wa Kichocho Katika Mwaka wa Kwanza Chuoni

Ukianza masomo ya baiolojia na tiba hapa Unguja au Pemba, usianze kwa kukariri majina ya Kilatini. Chagua ugonjwa unaofahamika nyumbani, na kwa maoni yangu hakuna unaofaa zaidi kuliko kichocho cha mkojo.

Funga daftari, uchore bila kutazama: yai la mnyoo anayeuleta ugonjwa huu hutoka na mkojo wa mgonjwa, likifika kwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi) huanguliwa, na lava (mnyoo mchanga) anayetoka humo huingia ndani ya konokono wa jenasi ya Bulinus, akaongezeka humo bila kujamiiana, hadi lava wa kizazi kingine watoke na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua mtoni. Kalamu inapokwama ndipo pa kurudia kusoma. Kando ya kila mshale andika njia ya kuukata, kwa kuwa hapo ndipo baiolojia inapokutana na tiba: dawa ya prazikwanteli huua minyoo wakubwa mwilini, ilhali matumizi ya choo huzuia mayai kufika majini.

Maabarani, kumbuka kwamba mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Basi kusanya sampuli wakati huo, ichanganye vizuri, chuja mililita 10, kisha tafuta kwa hadubini yai lenye mwiba nchani. Mwiba ukiwa ubavuni, hiyo ni Schistosoma mansoni, kichocho cha tumbo.

Walio Pemba wawaombe walimu wao ziara katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, Chake Chake, wakiwa na michoro yao mkononi ili wasahihishwe.