Rafiki yako anapigwa na mtu wake anayetumia? Fanya hivi kabla hujamwambia "mwache"

Hii nawaandikia nyinyi mnaokaa hosteli na vyumba vya kukodi huku Tudor, Kisauni, Bombolulu mpaka Mtwapa, mnaosikia kitu kinaanguka chumba cha pili saa nane za usiku alafu kimya, na asubuhi mwenzenu anaenda klasi na mtandio ameuzungusha shingoni mara tatu na joto lote hili la Mombasa. Mnajua kinachoendelea. Mnajua pia yule jamaa anatumia, iwe ni muguka (majani ya kutafuna kama miraa), bangi, tembe ama unga (heroini), na kila mtu anasema si yeye, ni zile dawa.

Kwanza wacheni kusema hivyo. Dawa zinachangia, sikatai kabisa. Muguka na miraa zina kathinoni, kemikali ya kuchangamsha, mtu anakesha, hali chakula, hapati usingizi, stimu ikimtoka anakuwa mkali na anashuku kila kitu, anaanza kukagua simu ya mwenzake, huyu aliyekutumia mia mbili ni nani. Pombe inamfanya asifikirie kesho. Wa unga akishikwa na arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, anataka pesa sa hii, na pesa iliyo karibu ni ile HELB, mkopo wa masomo, ya mpenzi wake iliyoingia juzi. Lakini angalia anampiga nani. Akiwa na stimu hiyohiyo hampigi soja wa geti, hampigi dereva wa tuktuk aliyemzidishia nauli, hamgusi lekchara, anangoja mpaka mlango ufungwe wabaki wawili. Kama anaweza kungoja basi anajua anachofanya, kwa hivyo hata akiacha kutumia kuna uwezekano mkono ubaki palepale. Mwambie rafiki yako hili mapema manake wengi wanavumilia miezi na miezi wakisema akitoka rehab atabadilika.

Na kuna upande wa pili watu hawauoni: anayepigwa naye huanza kutumia. Anameza tembe apate kulala, ama anatafuna pamoja naye kwa sababu siku wakitafuna wote hakuna ugomvi. Ukimwona hivyo usimwambie "si wewe pia unakula", hapo umemfungia mlango hatarudi kukwambia kitu. Wavulana pia wanapigwa jamani, wanaona haya kusema, msiwacheke.

Sasa namna ya kumwambia. Usimtumie meseji kama unajua simu inakaguliwa. Ngoja mko wawili, mnaenda kununua viazi karai ama mnapanga foleni ya feri, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Nimeona shingo yako. Sikulaumu. Usiku wowote ukitaka kuja kwangu, we gonga tu." Alafu nyamaza. Akikataa mwache, umeshaweka neno.

Usimsukume amwache leo leo, maana wakati mtu anaondoka ndio mara nyingi yule mwingine anazidi kuwa hatari. Pangeni kwanza. Kitambulisho, vyeti, dawa zake, chaja na nauli kidogo vikae kwako. Abadilishe PIN ya M-Pesa. Mkubaliane neno la siri, kwa mfano akikupigia akiuliza kama umepika wali, unajua uende na watu ama upige simu polisi. Usiende peke yako kupigana na mtu aliye na stimu, na msikusanye vijana wa maskani wakamfanyie fujo, atakuja kulipiza kwa rafiki yako.

Kuhusu shingo nataka msome polepole. Mtu akikabwa, hata mara moja, hata kama hakuna alama, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Koo linaweza kuvimba baadaye, na anayekaba leo ni mtu ambaye uwezekano wa kuua kesho umepanda sana. Sauti ikikwaruza, ama kumeza kukiuma, ama alijikojolea ama hakumbuki vizuri, msingoje asubuhi.

Kama alitiliwa mchele (dawa ya kulewesha) kwenye kinywaji ama amebakwa, hospitali ndio kwanza, polisi mnaweza kwenda baadaye. Coast General wana kituo cha waliofanyiwa ukatili. Dawa za kuzuia HIV zinatakiwa ndani ya masaa 72, za kuzuia mimba ndani ya masaa 120, na zote mapema ndio bora. Asioge, nguo mziweke kwa karatasi si kwa plastiki, na mkojo upimwe haraka kwa sababu tembe za kulewesha hupotea mwilini upesi. Muulizie fomu ya PRC hapo hospitali, ile ya matibabu baada ya kubakwa, na P3 kwa polisi, ile daktari anajaza majeraha iwe ushahidi. Na akikwambia "lakini ni boyfriend wangu, na nilikuwa nimelewa", mjibu kwamba sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inasema mtu aliyeleweshwa mpaka hajielewi hawezi kuhesabiwa amekubali, awe ni mpenzi wake ama si mpenzi wake. Kuna sheria nyingine ya 2015 ya kulinda watu na ukatili wa nyumbani, nayo inagusa hata walio na uhusiano wa karibu bila ndoa, anaweza kuomba korti amri ya yule mtu asimkaribie. Nambari ya simu ya kuomba msaada wa ukatili ni 1195, ni bure na inashikwa usiku na mchana.

Na kama wewe unayesoma ndio unayepiga, piga 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ni bure. Kwa wa unga kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kubadilishia unga, huko Kisauni, kwa muguka na bangi hakuna dawa ya kubadilishia hivyo ni ushauri na muda. Ukifika kwa mshauri mwambie yote mawili, kutumia na kupiga, usitaje moja ukaficha la pili. Na huyo uliyemuumiza usimtumie meseji za msamaha kila asubuhi, mwache apumue.