Kupima Asidi Ndani ya Fuko la Mmeng'enyo la Kimelea cha Malaria

Klorokwini, dawa ya malaria, ni besi dhaifu: ikiingia katika fuko la mmeng'enyo (kifuko ambamo kimelea humeng'enya hemoglobini) la Plasmodium falciparum hupokea protoni na kunaswa humo. Kwa hiyo anayechunguza usugu wa dawa hana budi kulijua fuko hilo, ambalo pH yake hukaribia 5 hadi 5.5, ilhali ya saitoplazimu, ute wa ndani ya seli ulio nje ya fuko, ni takriban 7.3. Nimeandika hatua hizi baada ya kumwongoza mwenzangu aliyekuwa akipata majibu yasiyolingana.

Hatua ya 1. Otesha aina ya 3D7, inayouawa na klorokwini, na Dd2, iliyo sugu. Sawazisha umri wa vimelea kwa sorbitoli ya 5%, kisha subiri wafikie hatua ya trofozoiti, yaani ya kukua ndani ya chembe nyekundu ya damu.

Hatua ya 2. Tumia fluoresini, rangi ambayo mng'ao wake hubadilika kwa pH, iliyofungwa kwenye deksitrani (molekuli kubwa ya sukari), ikiwa imetiwa ndani ya chembe nyekundu kabla kimelea hakijaingia. Kimelea huila pamoja na hemoglobini na kuifikisha fukoni. Siipendekezi rangi ya akridini chungwa, kwa kuwa husambaa nje ya fuko.

Hatua ya 3. Ondoa chembe nyekundu kwa saponini ya 0.05%, inayotoboa utando wake, uoshe.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi ilipo. Andaa bafa zenye potasiamu nyingi, kuanzia pH 4.5 hadi 6.5, utie nigerisini, ambayo hubadilishana potasiamu na protoni mpaka pH ya ndani ilingane na ya nje. Kwa kila bafa, gawanya mng'ao unaopatikana kwa mwanga wa nanomita 490 kwa ule wa 440, uchore mkunjo wa urekebishaji, wa kugeuzia uwiano huo kuwa pH. Kila aina ya kimelea ipewe mkunjo wake, tena wa siku hiyohiyo. Chini ya pH 5 mkunjo hulala, kwa hiyo usomaji wa huko usiuamini. Nigerisini nayo hung'ang'ania kuta za kuveti (kikombe cha kupimia mng'ao) na vifaa vya mpira: nilipoteza siku mbili nikidhani dawa yangu imeondoa asidi fukoni, kumbe ni mabaki ya nigerisini, jambo lililodhihirika pale vimelea visivyotiwa dawa yoyote vilipoonyesha mabadiliko yaleyale. Osha kwa ethanoli, kisha kwa albumini. Lililo bora zaidi ni kutenga kuveti ya urekebishaji pekee, na kuifanya kazi hiyo mwishoni mwa siku.

Hatua ya 5. Ongeza konkanamaisini A, inayozima pampu ya protoni, upime kasi ya pH kupanda. Rudia pamoja na klorokwini. Katika Dd2, ambayo PfCRT yake (protini ya utando wa fuko inayopitisha dawa) ina threonini badala ya lisini katika nafasi ya 76, kasi huongezeka kwa kuwa dawa hutoka pamoja na protoni. Katika 3D7 ongezeko hilo halionekani. Ukitia verapamili, inayoizuia PfCRT hiyo, kasi ya Dd2 hushuka, na hicho ndicho kipimo cha kuthibitisha kwamba mvujo huo wa dawa na protoni unapita kwenye PfCRT.