Kuunda Spitfire ya plastiki hapa Unguja: gundi, rangi na huu unyevu wetu

Kitu cha mwanzo nnachomwambia kila anaeniuliza habari za kuunda hizi ndege za vita za plastiki ni hichi: tazama mbingu kabla hujafungua kopo la rangi. Maelezo yaliomo ndani ya boksi yameandikwa na watu wa Uingereza na Japani, wakikwambia rangi inakauka masaa mawili basi ni masaa mawili ya kwao, hapa kwetu mwezi wa nne masika imeshika na kuta zinatoka jasho, hayo masaa mawili ni kesho. Spitfire yangu ya kwanza, ile ndege ya vita ya Waingereza, niliipulizia rangi ya kopo siku ya mvua, nikaiweka barazani, nusu saa nyengine narudi nakuta mbawa zote zimefanya weupe kama zimepakwa unga wa muhogo. Kumbe thina inaporuka inapoza ile rangi, unyevu wa hewani unaganda juu yake na kuingia ndani. Niliumia sana, boksi lile nilingojea miezi mitatu mpaka mjomba aje nalo kutoka Dubai.

Kwa hiyo skuizi mwaka wangu naugawa. Masika nakata, napiga msasa, naunganisha, napaka vitu vidogo vya ndani kwa brashi. Kupuliza nasubiri kaskazi ikauke, Januari na Februari, au kusi ya Juni mpaka Septemba, tena kuanzia saa nne asubuhi umande ushaondoka mpaka saa tisa hivi, na siku ambayo nguo kwenye kamba zinakauka haraka.

Na usidhani ni modeli tu zinazoteseka, ndege zenyewe za kweli ziliteseka pwani yetu hii hii. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Wajerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus, meli ya vita ya Waingereza, bandarini hapa Unguja, mabaharia waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani, halafu Königsberg ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta ndege za kutua majini ziitafute, ndege za mbao na kitambaa, zile za kampuni ya Sopwith zikaachana kwa joto na unyevu hata kazi hazijafanya, zikaja za Short nazo zikapiga picha kidogo kisha gundi ikazishinda. Meli ilikuja kumalizwa Julai 1915. Mie nikikaa mezani gundi haishiki nawakumbuka wale mafundi wa wakati ule, wallahi nawaelewa.

Haya tuanze. Ndege ya kuanzia chukua Spitfire Mk I, yaani toleo la kwanza, ya skeli 1/72, ndogo mara 72 kuliko ya kweli, iwe ya Airfix au ya kampuni nyengine, maana vipande si vingi, bei si kali, na ikimalizika upana wa mbawa ni kama sentimita 15 na nusu, inakaa hata juu ya kabati la vyombo. Najua wengi moyo uko kwenye Catalina, na mie pia, zile ndege kubwa za kutua majini zilizokuwa zikiruka kutoka Kipevu Mombasa wakati wa Vita vya Pili kuwinda nyambizi Bahari ya Hindi, Agosti 1943 Catalina mbili za vikosi vya Afrika Mashariki ziliizamisha U-197, nyambizi ya Wajerumani, kusini ya Madagascar. Lakini Catalina ya 1/72 ina upana wa sentimita 44 yakhe, bawa moja lile ni darasa zima. Iache iwe ya tatu au ya nne.

Vifaa usisubiri vya ng'ambo. Nelkata ya kukatia kucha inatosha kutoa vipande kwenye fremu, ile mifupa ya plastiki vilivyoshikana nayo, tena wembe, kibano cha nyusi, vibanio vya nguo, vijiti vya meno, tepu ya karatasi wanayotumia wapiga rangi magari, na msasa wa maji namba 400, 800 na 1500, vyote hivo ukizunguka Darajani na maduka ya spea huvikosi. Kitu kimoja tu ambacho lazima uagize ni gundi yenyewe ya modeli, ile nyepesi kama maji inayokuja na kibrashi kwenye kifuniko. Hii haigandishi kama supaglu, inayeyusha plastiki pande mbili zikawa kitu kimoja. Na dawa ya kufutia rangi ya kucha usiisogeze karibu kabisa, inakula plastiki mpaka inakuwa ujiuji.

Kabla ya yote osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kiwandani zinatoka na mafuta, rangi haishiki juu yake. Anika kivulini. Kipande usikikate usawa na bodi yake, acha kishina kidogo kisha kimalize kwa wembe na msasa, ukikata usawa utang'oa na nyama ya kipande.

Ndani ya kokpiti, chumba cha rubani, unapaka mwanzo, kabla hujafunga bodi, kijani cha kijivu, kiti, mikanda. Halafu shikanisha nusu mbili za bodi bila gundi uone zinakaa vipi, hapa usiwe na haraka hata kidogo. Zikikaa sawa zifunge kwa tepu, kisha chovya kibrashi cha gundi na gusa tu kwenye mstari wa maungio, utaiona gundi inakimbia wenyewe ndani ya ufa. Baada ya dakika bana kidogo kwa vidole, utokeze ukingo mwembamba wa plastiki iloyeyuka. Mtu atataka kuufuta, usiufute! Ule ndo unaoziba. Uache siku nzima, masika siku mbili, kisha upige msasa 400 chovya na maji, 800, 1500, mpaka ukipitisha ukucha husikii kitu. Macho yanadanganya lakini ukucha haudanganyi, mie nafumba macho kabisa napitisha ukucha toka pua mpaka mkia. Palipobaki shimo, kata vipande vya fremu uvitie kwenye kichupa na gundi kidogo, vitakuwa uji mzito wa plastiki ile ile, paka hapo.

Mbawa za Spitfire hazikai tambarare, zinapanda kidogo kuelekea nchani. Weka viboksi vya kibiriti chini ya ncha zote mbili, vya urefu mmoja, itazame kwa mbele ukiwa umeshusha jicho usawa wa meza, bawa moja likizidi hata kidogo ndege yote inaonekana kilema. Ziache hapo mpaka asubuhi. Spitfire inakalia mkia haina shida ya uzito, lakini ukija kuunda yenye gurudumu puani kama P-38 au B-25 tia chubwi za mshipi ndani ya pua kabla hujafunga, la sivyo itakaa kitako.

Rangi sasa. Hapa ndo patamu. Spitfire ya 1940, ile ya kupigania anga ya Uingereza, juu ina rangi ya udongo na kijani kilichokoza, kwenye makopo zimeandikwa Dark Earth na Dark Green, chini ni Sky, kijani kilichopauka kama ganda la yai la bata. Mie natia tone la nyeupe kwenye zile mbili za juu maana kitu kidogo ukikipaka rangi kamili kinaonekana cheusi. Ukitumia brashi ipunguze rangi iwe kama tui la mwisho, si kasimile, ukipaka kasimile mistari ya brashi itabaki na mapambo yote ya bodi yatazibika. Mkono wa kwanza utaonekana mbaya, umepauka, madoa madoa, usirudie juu yake ikiwa mbichi, uache. Wa pili, wa tatu, ndo inajaa. Kama ni rangi ya mafuta inuse, ikinuka bado haijakauka hata kama kidole hakinati. Wakati inakauka funika kwa kawa, ile ile ya kufunikia chakula, inazuia vumbi na mjusi, na hewa inapita. Feni izime.

Fremu za kioo cha rubani zilinishinda mwaka mzima mpaka nikakaa na dada'ngu anaechora piko maharusi. Nikamtazama mkono wake: kidole kidogo amekituliza juu ya kiganja cha biharusi, hakiondoki, vidole vitatu ndo vinaenda, na mstari anauvuta kuja kwake, hausukumi. Akaniambia "pumua nje ndo uanze". Nikafanya hivo hivo kwa brashi namba 0, kidole kidogo juu ya bodi ya ndege, mistari ikatoka. Kioo chenyewe kibandike kwa gundi nyeupe ya maseremala, supaglu inatoa moshi unaokitia ukungu na ukungu ule hautoki.

Stika za maji, zile duara nyekundu nyeupe na buluu, zinataka sehemu inayong'aa, kwa hiyo piga vanishi ya kung'aa mwanzo, ukizibandika juu ya rangi kavu isiyong'aa hewa inabaki chini na pembeni panameta kama magamba ya dagaa. Maji tumia ya mvua au ya chupa, visima vyetu vingi vina chumvi, yakikauka yanaacha mipaka myeupe. Zamisha sekunde 20, weka juu ya kitambaa, ngoja mpaka stika iteleze wenyewe, isogeze kwa brashi iloroa, kausha kwa ncha ya tishu kutoka kati kwenda nje. Kesho yake ndo vanishi ya mwisho isiyong'aa.

Waya wa antena kutoka kile kimti nyuma ya rubani mpaka juu ya mkia unautengeneza kwa kipande cha fremu. Kishike ncha mbili juu ya mshumaa, mbali kidogo na moto, kizungushe mpaka kati palegee, toa, vuta taratibu, utapata uzi mwembamba kama unywele. Kata, bandika kwa tone la gundi nyeupe ncha zote mbili kwa kijiti cha meno, na ukiwa umelegea upitishie karibu joto la kijiti cha ubani kilichozimwa mwali, utauona unajinyoosha wenyewe. Kisha rudisha kawa juu yake mpaka asubuhi.