Somo: Kunyamazisha nyuzi za besi

Wakuu, salaam. Bendi ikiambiwa besi (gitaa la besi) inachafua muziki, mpigaji hukimbilia amplifaya: anapunguza hiki, anaongeza kile, wiki ijayo anatafuta pedali ya kununua. Ninavyosikia mimi, uchafu mwingi unatokana na milio inayobaki baada ya noti kuisha. Kupiga noti tunafundishana sana, kuizima hatufundishani. Chukua besi, tuanze.

Hatua ya 1: Usikie uchafu wenyewe
Tyuni vizuri nyuzi zako nne: kutoka nene hadi nyembamba ni E, A, D na G. Bonyeza freti ya 5 (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni) kwenye uzi wa E, piga kwa nguvu, kisha uzime uzi huo kwa kiganja. A bado inalia, sivyo? Huo ni uzi wa A ambao hukuugusa. Noti uliyopiga na uzi huo mtupu, yaani usiobonyezwa, ni kitu kimoja, takriban hezi 55, kwa hiyo mmoja ukitikisika mwenzake anaitikia. Sasa piga freti ya 3 ya uzi ule ule wa E: uzi wa G nao unaitikia, oktavu moja juu. Chumbani hutajali. Ukumbini, kwenye spika kubwa, milio hiyo inarundikana juu ya dramu ya mguu na hakuna anayesikia umepiga nini.

Hatua ya 2: Mkono wa kulia
Gumba lisigande kwenye pikapu, kile kinasa mlio kilicho chini ya nyuzi. Ukipiga E, sawa, liweke hapo. Ukihamia A, gumba lishuke likae juu ya E. Ukihamia D au G, lilale juu ya A huku ubavu wake ukigusa E. Vidole vinavyopiga navyo vifanye kazi mbili: kidole kikishapiga G kiangukie uzi wa D na kutulia hapo. Hivyo D imezimika bila wewe kufikiria. Siku za mwanzo utaona mkono unachelewa. Punguza kasi tu.

Hatua ya 3: Mkono wa kushoto
Hapa ndipo penye utamu. Ili kukata noti, legeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi. Ukikiondoa ghafla, uzi mtupu utalia. Na usiuzime kwa kidole kimoja juu ya freti ya 5, 7 au 12, maana utapata mlio mwembamba wa kengele. Laza vidole viwili au vitatu. Kidole cha shahada kikae kimelala kidogo ili kiguse nyuzi nyembamba zilizo chini yake.

Anayetaka kusikia mkono huu ukifanya kazi amsikilize Rocco Prestia, mpiga besi wa bendi ya Marekani ya Tower of Power. Noti zake ni nyingi na za kasi, lakini kila moja ni fupi na kavu, na siri kubwa iko kushoto.

Hatua ya 4: Metronomu
Weka mapigo 60 kwa dakika. Piga noti moja, ishike pigo zima, nyamaza pigo zima. Kisha ishike nusu pigo tu. Kisha robo. Kimya kianze mahali pale pale kila mara. Zoezi linachosha, najua. Lifanye kabla ya kurudi kwenye mbwembwe.

Hatua ya 5: Sponji
Kata kipande chembamba cha sponji ya godoro, kiingize chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia upande wa mkono wa kupiga. Kiguse nyuzi, kisizisukume juu. Kikisukuma, tyuni inapanda. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi kule Detroit, alikuwa na sponji chini ya kifuniko cha daraja la Fender Precision yake ya 1962, na nyuzi bapa (zilizozungushiwa waya tambarare, mlio wake hauna mng'ao mwingi) alizoacha zizeeke. Alipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Carol Kaye, kule Los Angeles, alipiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi, na kuzima nyuzi kwa kitambaa kizito. Wote wawili, noti inatua kisha inaondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mwalimu, napiga kanisani na amplifaya inavuma hata nisipopiga. Sponji itasaidia?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, huo ni umeme. Shika nyuzi: mvumo ukipungua, ni kawaida ya pikapu nyingi, badili waya na usogee mbali na taa au transfoma. Ukihisi shoti, hata ndogo, zima kila kitu na umwite fundi aangalie ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini.

Swali (Mombasa): Nyuzi bapa bei kali. Nikichemsha hizi zangu za zamani je?
Jibu: Dada, kuchemsha kunatoa mafuta na uchafu, mlio wa nyuzi unarudi kung'aa kwa muda. Wewe unataka kinyume chake. Ziache hivyo hivyo, weka sponji, punguza kitufe cha toni.

Swali (Lubumbashi): Kwenye sebene sponji haiui besi?
Jibu: Inaua, kaka. Itoe. Sebene inataka noti za chini zigonge na za juu ziruke. Wapigaji wengi wa huko kwenu hutumia gumba na shahada, kwa hiyo laza ukingo wa kiganja karibu na daraja, uunyanyue pale unapotaka noti ipumue.

Swali (Nairobi): Na Jaco Pastorius, yule mpiga besi wa Marekani? Hakuwa na sponji, na noti zake zilikuwa zinaimba.
Jibu: Ziliimba alipotaka ziimbe. Sikiliza zile sehemu zake za kasi, noti zimekatwa vizuri kabisa, kwa vidole tu. Vivyo hivyo Bakithi Kumalo kwenye "Graceland" ya Paul Simon ya 1986, besi isiyo na freti, anateleza kisha anakata. Besi ya aina hiyo ukiwekea sponji utapoteza kule kuteleza kwenyewe, kwa hiyo baki na hatua ya 2 na ya 3.

Swali (Mwanza tena): Besi ya nyuzi tano, yenye uzi mnene wa B juu ya E, gumba linakaa wapi?
Jibu: Juu ya B, muda wote usipoipiga. Uzi huo ni mnene, ukiachwa huru unanguruma wimbo mzima.