Namna ya Kuandaa Pango la Noeli Linaloonyesha Unyonge wa Bethlehemu

Anayetaka kuandaa pango la Noeli katika kigango chake, iwe Masasi, Newala au Nachingwea, na aanze kwa kusoma taratibu sura ya pili ya Injili ya Luka, akiandika kila anayetajwa katika habari ya usiku ule wa kuzaliwa Yesu. Atashangaa jinsi orodha ilivyo fupi: Yusufu na Mariamu, mtoto aliyevikwa nguo za kitoto, malaika, na wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao usiku kwa zamu. Punda na ng'ombe hawamo, ingawa Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliwaleta wazima kwenye pango aliloandaa Greccio, nchini Italia, mwaka 1223. Mamajusi ni wa Mathayo, naye anasema waliingia nyumbani. Basi wasubiri hadi sikukuu ya Tokeo la Bwana, inayokumbuka ujio wao.

Kazi kubwa iko kwenye hori. Kwa watu wa pwani, neno hilo ni pia mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kwa hiyo mtoto wa Mikindani aelezwe kwanza kwamba hapa tunasema chombo cha kulishia mifugo. Tafuta mbao zilizokwisha kutumika, usizipige randa wala kuzipaka rangi, kisha ujaze nyasi kavu ulizokata mwenyewe. Hori linalong'aa linaficha jambo lile lile ambalo Luka alitaka tulione, yaani kwamba mtoto huyu alikosa nafasi katika nyumba ya wageni.

Sanamu mwagize mchongaji wa Kimakonde, naye umwombe achonge watu wa kazi. Kwetu mchongaji mmoja alimtoa mchungaji mwenye magoti yaliyopinda kidogo na vidole vya miguu vilivyotanuka, kama vya mtu aliyetembea pekupeku tangu utoto. Akina mama waliotoka kuokota korosho walisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya malaika, na mmoja wao akainama, akavigusa vile vidole.

Pango liwe chini, sakafuni. Mwaka mmoja tuliliweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, watoto wakawa wananyanyuliwa ili waone, na bado najuta.

Kando ya hori weka njiwa wawili wa kusuka kwa ukindu. Torati iliwaruhusu wasioweza kupata mwanakondoo watoe ndege wawili, na Luka anaitaja sadaka hiyo Mariamu na Yusufu walipokwenda hekaluni. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa hali ya nyumba yao.

Usiku wa mkesha, anayembeba Mtoto Yesu hadi horini asiwe mfadhili wala kiongozi. Mwombeni mama anayefagia kanisa kila Jumamosi, mkizungumza naye mapema na kwa heshima, kisha mzime taa zote mbaki na kandili moja, ili aende polepole na kila mtu amwone akipiga magoti.